Maji ya Turbo

Nimechoka. Wacha nianze na hilo, maana nyinyi wa rika langu mnajua uchovu ninaousema si ule wa kulala ukaamka umekwisha. Alhamisi iliyopita nilitoka Dadaab, ninakofanya kazi wiki nzima, nikaendesha mwenyewe hadi Garissa huku jua limenikalia usoni njia yote. Nilipofika langoni kwangu nikazima gari, na kabla sijashika mlango ikanijia harufu. Tamutamu, nzito, kama sharubati iliyosahauliwa motoni. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka, na maji yenye dawa ya kupoza injini yanadondoka juu ya chuma cha moto. Mwenye akili angeshuka akatazame hasara. Mimi nilikaa palepale nikalia, na si mpira nilioulilia. Ile ndiyo iliyokuwa harufu ya shati la baba yangu.

Tulimwita Aabo, na mama tukimwita Hooyo, kama Wasomali wote. Aabo alikuwa na pikapu ya dizeli, akibeba sukari na unga kwenda Wajir na kurudi na ngozi na abiria. Barabara ya siku zile, aliyeipita hahitaji kuambiwa. Mchanga, mawe, halafu mchanga tena, na katikati kusimama kutwa mkingoja askari wa kuwasindikiza kwa sababu ya shifta, wale majambazi wa porini. Injini yake haikuwa na nguvu. Mzigo ukizidi, gari lililia kwenye mchanga likabaki palepale, abiria wakashuka kusukuma huku wakimlaani dereva kwa adabu.

Ndipo akatafuta turbo. Ilitoka Nairobi, imefunguliwa kwenye gari lililopinduka, ikafika kwetu ndani ya gunia kama kichwa cha mbuzi. Asiyeijua na afikirie konokono mkubwa wa chuma anayekaa ubavuni mwa injini. Moshi unaotoka unazungusha feni iliyo ndani yake, na feni ile inaisukumia injini hewa zaidi, gari linapata nguvu. Hivyo ndivyo alivyotueleza Fundi Musyoka, Mkamba wa Mwingi aliyekuwa na gereji ya mabati karibu na soko la mbuzi. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na kwake sisi sote tulisema Kiswahili, Hooyo kwa lafudhi yake ya Kisomali na mimi kwa ile ya shuleni.

Turbo ile ilikuwa na tundu mbili za kupitisha maji ya kuipoza, lakini paipu zake hazikuja nayo. Aabo alikuwa na haraka ya safari. Fundi akaziba tundu kwa bolti, akamwonya.

"Mzee, ukifika nyumbani usizime hapo hapo. Hii kitu inachemka mpaka inakuwa nyekundu. Wacha injini ingurume polepole, ipoe kwanza. Ukizima haraka, mafuta itaungua huko ndani iwe makaa, na turbo ni kwaheri."

Aabo alikuwa mtu wa kushika neno. Akalishika hilo, na nyumba yetu nusura ivunjike.

Jioni za kurudi kwake, baada ya sala ya alasiri, tulisikia gari likisimama nje ya lango. Zamani lilikuwa likinyamaza, lango linakwaruza chini, Aabo anaingia na vumbi lake, na mimi namvua viatu. Sasa gari lilisimama na halikunyamaza. Lilinguruma. Hooyo alikuwa amekwisha kupakua wali na nyama, na juu yake ndizi iliyomenywa, maana kwetu wali bila ndizi ni kama haujapikwa. Tulingoja. Wali ulipoa, ndizi ikaanza kuwa nyeusi, na gari linanguruma tu.

Nilikuwa nikimchungulia kupitia ufa wa bati la lango. Alikaa humo peke yake, mikono juu ya usukani, wakati mwingine paji la uso juu ya mikono. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Leo najua alikuwa akivuta istighfari, akimwomba Mungu msamaha, kama kila mtu aliyefika salama kutoka barabara ile. Siku hizo nilijua kwa yakini kwamba anazungumza na mtu asiyekuwepo.

Na mtu huyo alipewa sura na jirani yetu Khadro, mwanamke niliyemwita habaryar kwa heshima, kama dada ya mama, ingawa hakuwa ndugu yetu. Khadro alikuja kuomba moto wa jiko, akaona gari linanguruma nje, akaketi bila kuambiwa karibu.

"Mwanamume akikaa nje ya lango lake," alisema, "moyo wake uko kwenye lango lingine. Na huko Wajir, dada yangu, wanawake hawana haya."

"Anangoja turbo ipoe," Hooyo alijibu.

"Nini?"

"Turbo. Ndivyo anavyosema."

Khadro alicheka mpaka akashika mbavu. "Wangu alipooa wa pili alisema anangoja ngamia apone!"

Hooyo hakucheka. Alikuwa mtu wa hasira, na hasira yake ilikuwa na jambo jingine la kushika, kwa sababu alikuwa akifua mashati ya Aabo na kuyanusa. Kulikuwa na harufu tamu mikononi mwa shati, harufu isiyokuwa ya udi wetu wala ya sabuni. Hakuniambia, lakini nilimwona ameinama juu ya beseni, shati limefunika pua, macho ameyafumba. Watoto huona. Wasichokijua ni maana yake, basi huijaza wenyewe.

Mimi nilijaza kweli. Nilimchora kichwani yule mke wa Wajir: mnene, mwenye jino la dhahabu, ana lango lisilokwaruza. Huko, niliamini, Aabo huzima gari na kushuka mbio. Kwetu ndiko anakokaa nje akifikiri kama aingie au ageuze. Nilimchukia mwanamke yule kwa moyo wote, na kila jioni nikasimama kwenye ufa kumvuta Aabo ndani kwa macho. Alipoingia hatimaye, nilijua tumeshinda kwa wiki moja. Ya mbele ni Mungu.

Hooyo hakuwa wa kungoja wiki ya mbele. Asubuhi moja, Aabo akiwa msikitini, Hooyo alijifunga shuka yake, akanishika mkono, tukaenda moja kwa moja gereji.

"Fundi," alisema, hata salamu hakumaliza, "ni kweli hii gari lazima ikaliwe kama mgonjwa?"

"Kweli kabisa, Mama. Turbo haina maji."

"Na ikiwekwa maji?"

"Ikiwekwa maji, anazima anaingia ndani."

"Anazima, anaingia?"

"Anazima, anaingia. Hakuna cha kungoja."

"Basi weka maji," Hooyo alisema. "Na mimi nitakaa hapa nione."

Masikini Musyoka. Sidhani kama aliwahi kufanya kazi chini ya macho kama yale. Aabo alileta gari, akaambiwa kwamba mke wake ameamua turbo inywe maji, akatutazama mimi na Hooyo tumekaa juu ya gurudumu kuukuu, akasema tu, "Haya, inshallah." Akaenda kulala kivulini chini ya lori la mtu. Hata hilo nililisoma vibaya. Nilidhani ametoroka aibu.

Fundi alipata paipu za shaba kwenye friji mbovu ya muuza nyama. Alizipasha moto, akazikunja taratibu juu ya goti. Moja ilitoka kwenye injini, mahali maji yanapopita, ikaingia upande wa chini wa turbo. Ya pili ilitakiwa kutoka upande wa juu na kurudisha maji kwenye rejeta. Kila zilipokutana na chuma cha injini aliweka kipande cha mpira na kukibana kwa klipu, maana shaba tupu ikitikiswa kwenye mawe ya barabara ya Modogashe hupasuka.

Kisha akadai maji. "Si ya Wajir. Ya visima vya Wajir iko na chumvi, itaziba hizi paipu kwa wiki mbili. Lete ya mto, lakini itulie tope, halafu uchemshe."

Hooyo alisimama. "Uchemshe? Watoto wangu wanakunywa ya mto na tope yake, na gari inachemshiwa?"

"Mama, wewe ndiye ulitaka akizima aingie."

Nilipiga magoti nikachemsha maji yale nyumbani kwa kuni, nikayachuja kwa shashi ya kichwani ya Hooyo, nikayabeba yamepoa kwenye mtungi wa plastiki. Sijawahi kuwa makini na kazi kiasi kile. Niliamini kila tone ni la kumtoa Aabo garini. Fundi akafungua chupa ya dawa ya rejeta ili achanganye, na ile harufu tamu ikatoka ikajaa gereji nzima.

Hooyo aliganda. Alimnyang'anya chupa, akainusa, akainusa tena.

"Hii... anatumia hii?"

"Kila safari. Rejeta yake inavuja, anaongeza njiani. Anajimwagia mkono mzima, huyo mzee."

Akairudisha chupa polepole. Nilidhani atafurahi. Alikaa tena juu ya gurudumu, akaniambia kwa Kisomali, kwa sauti ya chini, "Harufu nimeisamehe. Kukaa bado."

Mara ya kwanza kazi ilikataa. Fundi alikuwa ameipitisha paipu ya kurudi kwa njia ya mkato, ikapanda kidogo, ikashuka chini ya betri, ndipo ikapanda tena kwenye rejeta. Gari likapashwa moto, likazimwa, na papo hapo turbo ikaanza kupiga kelele na kutema mvuke kwenye klipu. Fundi alijipiga paji la uso. "Ai, mimi mjinga! Maji moto haitaki kushuka." Akafungua yote, akaikunja upya paipu ile ipande tu, toka turbo hadi juu ya rejeta, pasipo bonde hata moja la kukamatia mvuke. Safari hii alipozima aliniita. "Lete sikio."

Nilisikia maji yakibubujika taratibu ndani ya shaba, kama mtu anayekunywa funda kwa funda.

"Injini imelala, pampu imelala," alisema. "Lakini ya moto inapanda yenyewe, baridi inaingia mahali pake. Itazunguka hivyo mpaka turbo ipoe. Sasa mwambie mama yako Musyoka amemaliza."

Aabo akaenda Wajir. Siku aliyotarajiwa kurudi, Hooyo alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Aliweka nguo zake na zangu, akalifunga kamba, akalisimamisha karibu na mlango na kulifunika leso.

"Sikiliza, hooyo," aliniambia, maana kwetu mama humwita mtoto kwa jina lilelile analoitwa yeye. "Leo hana cha kusingizia. Akizima akaingia, utalirudisha hili sanduku chini ya kitanda na hatutalitaja tena. Akizima akakaa, kesho tunapanda lori la Mandera, twende kwa baba yangu Lafey."

Lafey nilikwenda mara moja tu, na nilikumbuka jinsi ilivyo mbali. Nilikumbuka pia kwamba huko hakukuwa na Aabo. Nilianza kumwomba Mungu, na sikumwomba kwa upole. Nilimwambia nimechemsha maji mimi mwenyewe.

Wali ulikuwa umepakuliwa, ndizi imewekwa juu, tuliposikia gari. Likasimama. Likanyamaza mara moja. Sikuwa nimesikia ukimya ule kwa miezi, nikaruka juu kwa furaha. Hooyo alibaki na mwiko mkononi, akisikiliza. Nami nikasikiliza mkwaruzo wa lango.

Hakukuwa na mkwaruzo. Mbuzi wa Khadro walipita. Mwadhini wa mbali alikohoa kwenye kipaza sauti, akanyamaza. Ndizi ikabadilika rangi, na lango halikufunguka.

"Umeona," Hooyo alisema. Hakusema kwa hasira. Aliweka mwiko kando ya sahani, kisha akauchukua tena, kama mtu aliyesahau anachofanya.

Nilikimbia. Nilipita langoni, nikapanda ngazi ya gari, nikaufungua mlango wake kwa mikono miwili. Ile harufu tamu ilinipiga usoni, na chini ya boneti maji yalikuwa yakibubujika, yanatembea vizuri kabisa. Aabo alikuwa amekaa, mikono juu ya usukani, macho wazi.

"Aabo!"

"Aabo," aliniitikia, naye kwa jina lake mwenyewe.

"Kwa nini huingii? Turbo ina maji sasa!"

"Najua. Yanafanya kazi. Sikiliza."

"Sasa unangoja nini?"

Alifikiri. Kweli alifikiri, kama swali lile halijawahi kumfikia. "Singoji kitu," alisema. "Nimechoka."

"Si uingie uchokee ndani?"

Alicheka bila sauti, mabega tu. "Ndani naingia nikiwa baba. Baba anaulizwa unga, anaulizwa lango lililoharibika, anaulizwa habari za watu wa Wajir. Barabarani ni dereva, anaulizwa tutafika lini. Hapa nilikuwa siulizwi na mtu, aabo. Hapa tu. Nikae kidogo, halafu naingia nikiwa mzima."

"Hooyo amefunga sanduku," nikasema, na machozi yakaja yenyewe. "Tunakwenda Lafey. Anasema una mke Wajir."

Aligeuka akanitazama. Vumbi lilikuwa limejaza mikunjo yote ya uso wake, na macho yalikuwa mekundu.

"Mke? Wajir?" alisema. "Wallahi, Wajir nalala chini ya gari. Mke gani atakubali kulala chini ya gari?"

Akajaribu kushuka. Mguu wa klachi ulikataa. Aliushika kwa mikono miwili kama gogo, akautoa nje, akausimamisha chini, ukamlegea, akabaki ameshikilia mlango. Hapo ndipo nilipomwona Hooyo. Alikuwa amesimama langoni, mwiko bado mkononi, na sijui alikuwapo tangu lini.

"Chini ya gari?" aliuliza.

"Chini ya gari."

"Na nge?"

"Nge nao wamechoka."

Hooyo hakucheka. Aliutazama ule mguu, akamtazama usoni. Nilidhani anatafuta tusi lililo kubwa la kutosha. Kisha akamwambia, "Rudi ukae." Akanishika mkono, akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa upande wa pili, akanibeba akaniweka katikati, akaketi. Hakuwa amejifunga shuka ya safari, alikuwa na nguo zake za jikoni. Watu walipita wakatutazama. Yeye, aliyeogopa maneno ya Khadro miezi yote ile, hakuinua hata kichwa.

Maji yalibubujika.

"Nini hiyo?" aliuliza.

"Maji. Gari limezimwa, lakini yanaendelea kuzunguka mpaka turbo ipoe."

"Kile ni chuma," Hooyo alisema, "na tumekichemshia maji. Wewe nani alikuchemshia?"

 Aabo alichukua kitambaa cha begani akajifuta uso, akajifuta tena, na mimi nikadhani ni vumbi. Baadaye Hooyo akanituma, "Hooyo, leta sahani hapa." Tulikula humo garini, sahani juu ya mapaja yangu, wali wa baridi na ndizi nyeusi, na hakuna aliyeulizwa kitu.

Sanduku nililirudisha mwenyewe. Tangu siku hiyo gari likinyamaza nje, Hooyo alitoka na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia, akapanda upande wa pili, wakakaa. Khadro alisema mengi. Zile paipu zilikuja kuziba mwishowe, kwa maji ya chumvi ya Wajir kama Musyoka alivyoonya, turbo ikafa, na pikapu ikauzwa. Kukaa garini hawakuacha mpaka siku ya kuuzwa kwake. Sasa Aabo ni marehemu, Mungu amrehemu, na Hooyo ni mzee asiyekumbuka tena jina la Lafey.

Basi Alhamisi hiyo nilikuwa nimekaa ndani ya gari langoni kwangu, ile harufu imejaa, sina mguu wa kushuka. Lango likafunguka. Binti yangu alitoka, simu mkononi, akasimama mbali kidogo akinitazama. Najua alikuwa dirishani kabla ya kutoka, niliona pazia likitikisika. Uso wake ulikuwa na swali ambalo mimi ndiye niliyelivaa kwanza.

"Hooyo, mbona huingii?"

Nilikuwa na jibu rahisi. Gari limeharibika, mpira umepasuka, angalia maji. Yote ni kweli.

"Nimechoka, hooyo," nikamwambia.

 Alibaki amesimama kwenye vumbi, mguu mmoja juu ya mwingine. Nikanyoosha mkono, nikamfungulia mlango wa upande wa pili.